Mwaka wa Filimbi

Mweiga,
14 Februari 1971

Mpendwa Baba,

Pokea salamu pamoja na baridi ya Nyandarua, maana ndicho kitu tulicho nacho kwa wingi huku. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole. Asubuhi nikianza kuandika ubaoni chaki inaanguka yenyewe. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie ile sweta aliyonifumia sijaivua tangu nifike, na walimu wenzangu sasa wanadhani ndiyo ngozi yangu. Na Dada Mwikali, amewaandikia? Mimi haniandikii. Tangu aolewe Machakos amekuwa mtu mkubwa.

Shule yenyewe ni nzuri. Zamani ilikuwa shamba la mzungu, na darasa langu lilikuwa zizi la ndama. Jua likiwaka harufu inatukumbusha. Mwalimu mkuu, Bwana Theuri, ni mtu wa haraka, hata chai anaimaliza akiwa amesimama. Amenipa darasa la sita, hesabu na historia. Hesabu wanazijua kwa sababu kila mmoja kwao wanauza viazi au maziwa, huwezi kuwapunja hata senti. Historia ndiyo imetushinda. Juzi niliwauliza Wareno walifika Mombasa mwaka gani. Ngatia, mtoto mwenye masikio makubwa na majibu ya haraka, akasema, "Mwaka wa nzige, Mwalimu." Darasa zima likaitikia kwamba ndiyo. Nikamwuliza amejuaje. Akasema nyanya yake humwambia kila balaa lilikuja mwaka wa nzige.

Nilicheka, halafu nikafikiri. Wazee wa huku hawahesabu miaka. Kila kundi la vijana waliotahiriwa lilipewa jina la jambo lililotokea mwaka ule, na jina hilo likawa ndio mwaka wenyewe. Mtu akitaka kujua umri wako anauliza ulizaliwa wakati wa akina nani. Basi nimebandika karatasi kubwa ukutani, na kila mtoto anauliza nyumbani aje na jina. Tunao mwaka wa nzige, tunao mwaka wa mihogo ile ya njaa, tunao mwaka wa homa. Mimi kazi yangu ni kuandika tarakimu pembeni. Wareno bado wako nje ya ukuta lakini tutawafikia.

Jambo moja dogo. Mama aliwahi kuniambia tulikaa Mweiga nikiwa bado mtoto wa kubebwa, kabla ya kuhamia Murang'a. Ilikuwa mwaka gani? Na laini za polisi, zile nyumba za askari, zilikuwa upande gani? Ningependa kupita nizione.

Mwanao,
Kabura

*

Murang'a,
9 Machi 1971

Mwanangu Kabura,

Barua yako ilifika ikiwa na doa la chai kwenye bahasha, ndipo nikajua ni yako hata kabla ya kusoma mwandiko. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linatabiri mvua kuliko redio, na majirani wameanza kuja kuliuliza kabla ya kupanda. Mwikali ameandika, anasalimu, hakutaja jambo lolote la maana.

Nimepata jogoo mpya, mwekundu, mwenye kifua cha meja. Shemeji zangu wamekuja kumtazama. Wanasema Mkamba akifuga kuku Murang'a mayai yatazungumza Kikamba. Nikawaambia wao wamezungumza na mimi miaka yote hii na bado hawajajifunza neno. Walikuja na pombe yao ya muratina, wakanywa, mimi nikanywa uji kama kawaida yangu, tukaachana vizuri.

Sasa nikushauri habari ya kazi. Hukuomba ushauri, lakini baba hangoji kuombwa. Nilikaa polisi muda mrefu na nilijifunza kwamba jambo lililotokea mbali ndilo rahisi kusimulia. Fundisha Wareno. Wareno hawana jamaa Mweiga. Hakuna mtu atakayekuja ofisini kwa Bwana Theuri kusema babu yake alikuwa Mreno na wewe umemtukana.

Hayo ya laini za polisi siyakumbuki sana. Laini ni laini, zote zina mabati. Nakutumia maharagwe kwa mkono wa binti ya mchungaji anayekuja Nyeri hospitalini. Uyachambue, yana vijiwe. Na uvae soksi.

Baba yako,
Munyao

*

Mweiga,
4 Aprili 1971

Mpendwa Baba,

Maharagwe yalifika, na vijiwe vyake vyote. Asante. Mwambie Mama goti lake ni kweli, huku mvua imeanza na barabara imekuwa uji. Jogoo wako mpe heshima zangu.

Watoto wameniuliza kwa nini mimi na baba yangu tunaandikiana Kiswahili. Nikawaambia kwetu baba ana lugha yake, mama ana yake, na sisi watoto wa laini tulipewa ile ya katikati. Wakanionea huruma. Ngatia akauliza, sasa mkigombana mnagombana kwa ipi?

Karatasi yetu imejaa mpaka inafika dirishani. Bwana Theuri alikuja akasimama mbele yake mpaka chai yake ikapoa, na huyo ni mtu ambaye chai yake haijawahi kupoa. Ameamua siku ya wazazi, mwezi wa saba, darasa langu litasimama mbele ya watu wote na kuutaja kila mwaka na sababu yake. Nimefurahi mno, Baba. Kwa mara ya kwanza najiona mwalimu.

Kuna mwaka mmoja tu uliotusumbua. Ni wa siku za hali ya hatari, wakati wa vita vya msituni, kama elfu moja mia tisa hamsini na tatu. Watoto wanane au tisa walikuja na jina lile lile, mwaka wa filimbi. Lakini hakuna aliyekuja na sababu. Wakiwauliza nyanya zao, nyanya wanacheka tu na kuendelea kumenya viazi. Nyanya ya Ngatia, mama mmoja anaitwa Wachuka, alimwambia, "Mwenye filimbi ndiye wa kuulizwa." Sasa mimi ningengoja mpaka lini? Nikawaeleza mwenyewe. Nikawaambia filimbi ni ya polisi, na mwaka ule polisi walikuwa wakiwavamia vibarua wa shamba hili alfajiri, wakipiga filimbi kuwatisha. Nikaiandika ukutani kwa wino mwekundu: mwaka ambao polisi waliwatisha watu kwa filimbi.

Kisha nikarudi nyumbani, nikakumbuka filimbi iliyotundikwa nyuma ya mlango wetu, kwenye msumari mmoja na kalenda. Baba, ile yako ilipigwa wapi?

Kabura

*

Mweiga,
30 Mei 1971

Mpendwa Baba,

Nawasalimu wote. Likizo niliposema sitakuja kwa sababu ya semina ya walimu, semina ilikuwa ya siku chache tu. Ukweli ni kwamba nilingoja barua yako kwanza, nayo haikuja, na haijaja mpaka leo. Mama aliniletea salamu kwa mtu, kwa hiyo najua si ugonjwa. Wewe ni mtu wa kujibu barua hata ya muuza mbegu.

Mambo yamezidi huku. Ngatia amekuja na nyongeza kutoka kwa Wachuka. Askari mwenye filimbi alikuwa Mkamba, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele. Darasa lote likaiga pengo kwa vidole. Mimi nikageuka nikafuta ubao, nao ulikuwa hauna kitu.

Wazazi wa hapa wanajua baba yangu ni Mkamba. Sijamwambia mtu kwamba alikuwa polisi, tena polisi wa hapa hapa, kwa sababu hata mimi sijaambiwa alifanya nini hapa. Siku ya wazazi nitasimama na watoto arobaini mbele ya wamama wale, na mtoto atasoma kwa sauti yale maneno mekundu niliyoandika mimi. Kama ni wewe, itakuwa nimemfundisha mtoto wa watu kumtukana baba yangu. Au itakuwa nimesema kweli, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Nakumbuka niliambiwa tangu utotoni kwamba ulinyang'anywa cheo cha koplo kwa sababu ya pombe. Sasa nauliza, pombe gani? Sijawahi kukuona ukigusa hata kikombe.

Nakuomba, Baba. Kama filimbi ilikuwa yako, niambie wewe, kabla sijaambiwa na darasa la sita.

Kabura

*

Murang'a,
12 Juni 1971

Mwanangu,

Sisi wazima. Jogoo amepigana na paka wa mchungaji na nimekuwa na shughuli nyingi za kuwapatanisha.

Umeuliza, nitajibu, na tusirudie. Tulikuwa kituo cha Mweiga mwaka ule. Doria ilikuwa ikitoka alfajiri kwenda kwa vibarua wa shamba hilo, na njia ilipita mtoni, mahali penye vichaka. Mtoni pale kulikuwa na nyati waliotoka msituni kunywa maji. Nyati akikuona ghafla atakuua. Kwa hiyo tukifika mtoni mimi nilipiga filimbi, nyati wakimbie, ndipo tuvuke. Nilimweleza hivyo mzungu wetu, akakubali, maana alikuwa kijana mgeni na alipenda uhai wake. Ndivyo nilivyosema wakati ule na ndivyo ninavyosema leo. Ilikuwa ni nyati.

Cheo ni kitambaa tu. Kinashonwa, kinafumuliwa.

Baba yako,
Munyao

*Mimi mama yako. Amekwenda kuwapa kuku maji nami nimeifungua bahasha. Si pombe. Pombe ni hadithi aliyotunga yeye ili asiulizwe. Muulize Wachuka.*

*

Mweiga,
4 Julai 1971

Mpendwa Baba, na Mama mfungua bahasha,

Nawasalimu nyote wawili, na goti, na jogoo, na paka wa mchungaji pia.

Nilikwenda kwa Wachuka. Nilimkuta akimenya viazi. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho, nikamwambia mimi ni binti ya yule mwenye pengo. Akaweka kisu chini. Akanitazama usoni, akasema nina paji la uso la mama yangu na bahati nzuri meno si ya baba. Akainuka na kuja nami shuleni siku ile ile, akiwa na mikono ya viazi, akaketi mbele ya darasa na kuwaambia watoto mwenyewe.

Alisema doria ikifika bila kutazamiwa, mtu yeyote mwenye unga kupita wa siku moja alihesabiwa anawalisha wapiganaji walio msituni, na kijana yeyote asiye na kipande cha kujitambulisha alichukuliwa. Lakini filimbi ilipolia kule mtoni, walijua wana muda wa kuchemsha uji. Vijana waliondoka kwa nyuma. Unga ulifichwa chini ya majani katika zizi la ndama. Baba, zizi lenyewe ndilo hili darasa langu, alionyesha kabisa pembeni anapokaa Ngatia. Doria ilipomaliza kupanda mlima, ilikuta wanawake na watoto na sufuria za uji. Yule mzungu kijana alipata kusema hajaona watu wanaopenda uji namna hii. Akaonjeshwa, akaupenda pia.

Akaja mzungu mwingine, aliyekuwa mwindaji kabla ya vita. Huyo alisema nyati hamkimbii mtu kwa filimbi, na tena kwenye tope la mto pale hakuna alama ya kwato hata moja. Ndipo kitambaa kikafumuliwa, na ninyi mkatumwa Murang'a na mimi mgongoni kwa Mama.

Watoto walimwuliza Wachuka kama kweli kulikuwa na nyati. Akasema nyati wa upande ule walikwisha kabla yeye hajaolewa.

Baba, nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nimeona aibu kwa wino wangu mwekundu, na nimeona fahari mpaka kifua kikauma. Nimebandika karatasi nyeupe juu ya maneno yale. Haijaandikwa kitu. Nakuomba uje siku ya wazazi, tarehe ishirini na nne, uijaze wewe. Bwana Theuri anasema atachinja mbuzi.

Mwanao,
Kabura

*

Murang'a,
14 Julai 1971

Mwanangu Kabura,

Nashukuru kwa salamu. Jogoo mzima. Paka bado.

Sitakuja. Usikasirike, nisome mpaka mwisho.

Wachuka amekwambia habari za filimbi. Hakukwambia habari za juma lililofuata, nami najua hakukwambia kwa sababu ningeliona katika mwandiko wako. Tulipohamishwa, doria iliendelea kwenda. Aliyeshika nafasi yangu hakuogopa nyati. Wachuka alikuwa na mtoto wa kiume, Mutahi, kijana wa kucheka ovyo, aliyezoea kulala mpaka filimbi ilie. Nilisikia habari zake nikiwa Murang'a, kutoka kwa dereva wa polisi. Alichukuliwa alfajiri akiwa kitandani na hakurudi.

Mimi niliwazoesha watu wale kulala. Kama nisingewazoesha, Mutahi angelala na jicho moja wazi kama vijana wa mahali pengine. Hilo nimelifikiri kila ninapoiona ile filimbi, na ndiyo maana naitundika mahali ninapoiona. Watu wakifurahi na kunichinjia mbuzi, nitaketi wapi mbele ya mama yake?

Waambie watoto ilikuwa ni nyati. Inatosha.

Baba yako,
Munyao

*

Mweiga,
2 Agosti 1971

Mpendwa Baba,

Natumaini ulifika salama na kwamba Mama amekuuliza ulikokuwa. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya mitihani. Uliandika hutakuja, ukaja, kisha ukaondoka hata kabla ya mbuzi kuiva, wala hatukupata kuzungumza, kwa hiyo nitakuandikia jinsi mambo yalivyoonekana kutoka upande wetu wa mto.

Bwana Theuri alikuwa katikati ya hotuba, amefika kwenye choo kipya cha wasichana. Wazazi wamejaa, nyanya wameketi mbele kwenye viti vya darasa. Ikalia filimbi kule chini mtoni. Mimi nilidhani ni watoto wanacheza. Lakini nyanya wote, Baba, wote walisimama pamoja. Walikuwa wameshika mifuko yao. Mmoja alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea darasani kwangu kabla ya kukumbuka ni mwaka gani. Kisha wakatazamana na kuanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Bwana Theuri amesimama na karatasi yake asijue choo kina kosa gani. Wachuka akageuka akawaambia watu, "Ketini. Tuna muda wa kuchemsha uji."

Na kweli ulichukua muda huo. Mlima umekuwa mrefu au wewe umezeeka. Ulipofika langoni ukasimama pale pale na kofia kichwani kama mtu anayengoja kuitwa shaurini. Nilitaka kukimbia nije. Wachuka akanishika mkono akaniambia nikae, akaja yeye. Nilikuwa karibu, nilisikia.

Alisema, "Asubuhi ile ya Mutahi tulingoja filimbi."

Ukasema, "Najua."

"Tulingoja mpaka walipoingia mlangoni."

Ukavua kofia. Akakutazama vizuri, akachukua kikombe cha uji kwa mwanamke aliyekuwa nyuma yake, akakupa. Akasema, "Basi kunywa. Huyo hukumchukua wewe. Wewe ulituachia wengine." Sijawahi kukuona ukilia maisha yangu yote. Sikupenda kukuona hivyo, lakini sitaki kusahau.

Halafu ukaharibu kila kitu. Watoto walipokuzunguka ukawahadithia nyati, na pembe zao, na ukubwa wa dume lao, na jinsi mzungu kijana alivyopanda mti. Ngatia alikuuliza walikuwa wangapi, ukasema hawahesabiki. Nyanya wakawa wanaitikia kwa vichwa, wote, hata Wachuka aliyewaambia watoto hao hao kwamba hapakuwa na nyati. Sasa nimesahihisha mtihani wa historia. Swali la tano lilikuwa, kwa nini mwaka ule unaitwa mwaka wa filimbi? Nusu wameandika ni kwa sababu askari aliwapa watu muda. Nusu wameandika ni nyati. Ngatia ameandika, "Ni nyati, na wote tunajua." Nimempa alama zote. Maneno yake ndiyo niliyoandika kwenye ile karatasi nyeupe, na chini yake nikaandika jina la Mutahi, kwa sababu Wachuka aliniomba.

Kuhusu filimbi yako, acha kuitafuta, haikuanguka njiani. Wachuka aliitoa mfukoni mwa koti lako ulipokuwa ukinywa uji, akaniletea, akasema imetundikwa vya kutosha. Sasa ndiyo tunayoitumia badala ya kengele, maana ile rimu ya gari tuliyokuwa tukigonga ilikuwa imepasuka. Kila asubuhi mtoto mmoja wa darasa la sita anashuka mtoni kuipiga. Bwana Theuri amelalamika kwamba inalia mapema mno, kabla ya saa ya shule. Nimemwambia ndivyo inavyopigwa hiyo. Watoto ambao bado wako njiani wakiisikia wanajua wana nafasi ya kukimbia.

Mwanao,
Kabura